Ukuta wa zamani na ukuta mpya kwenye ramani ya ukarabati: AutoCAD, SketchUp, Revit au Archicad?

Nyumba inayojengwa kwenye kiwanja kitupu haina shida hii. Kila ukuta unaouchora ni mpya, basi. Shida huanza siku mteja anapoleta nyumba ambayo imeshakaliwa miaka arobaini: jiko liungane na sebule, chumba kimoja kiongezwe nyuma, dirisha la stoo lizibwe, mlango utobolewe wa kutokea uani. Hapo ramani inatakiwa iseme mambo matatu kwa wakati mmoja. Ukuta gani upo na unabaki, upi upo na unavunjwa, upi haupo na utajengwa.

Vijana wanaoanza kazi huniuliza ni programu gani inayotofautisha kuta hizi vizuri. Kabla sijataja jina nawarudishia swali: umri wa ukuta unataka uandikwe wapi? Kuna programu zinazouandika ndani ya ukuta wenyewe, kama tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti. Nyingine zinaujua ukuta kwa nguo tu: leya (tabaka la mchoro unaloweza kulificha au kulionyesha), rangi, aina ya mstari. Ukibadilisha shati cheti hakibadiliki. Lakini mwenye kujulikana kwa shati, akilivua hajulikani tena. Tofauti nyingine zote nitakazozieleza hapa zinatokana na hiyo moja.

Mfano wangu ni huo huo muda wote. Nyumba ya tofali za inchi 6, urefu wa kuta mita 3, kuta zinazobaki jumla mita 31, za kuvunjwa mita 4.5, mpya mita 14.2. Dirisha moja la kuziba, mlango mmoja wa kutoboa. Kumbuka hilo dirisha na huo mlango, maana kuta nzima nzima kila programu inaziweza. Matundu ndiyo yanayoumbua.

AutoCAD: kila kitu ni leya

Wengi tulianzia hapa, na ofisi nyingi ndogo hazijatoka. Ukichora kwa mistari ya kawaida, humo hamna ukuta. Kuna mistari miwili sambamba na hachi (michirizi ya kujazia) katikati, na umri wake ni jina la leya iliyolalia. Mimi nina UKUTA-UPO, UKUTA-VUNJA na UKUTA-MPYA. Wanaofuata kanuni ya Kimarekani huongeza herufi moja mwishoni mwa jina: A-WALL-E kwa kilichopo, A-WALL-D kwa kinachovunjwa, A-WALL-N kwa kipya. Mtindo wowote unafaa, ilimradi ofisi nzima ifuate mmoja.

Kwa mpangilio huo mchoro mmoja unazaa karatasi tatu. Karatasi ya hali iliyopo inaonyesha UPO na VUNJA, zote kwa mstari mzima. Karatasi ya kuvunja inaonyesha leya hizo hizo mbili, ila kwenye fremu ya karatasi hiyo peke yake unaiamuru VUNJA itoke kwa mstari wa kukatika. Karatasi ya ujenzi inaficha VUNJA na kufungua MPYA. Mlango wa kutoboa unaufanya kwa mkono: unakata kipande cha ukuta cha sentimita 90, unakihamishia VUNJA, kisha mlango wenyewe unauchora kwenye leya ya vitu vipya. Ukisahau kukihamisha kipande hicho, karatasi ya ujenzi itaonyesha mlango uliochorwa juu ya ukuta mzima.

Hatari zake ndogo ndogo ndizo mbaya. Nilipokuwa bado mgeni kazini nilichapisha karatasi ya kuvunja bila kurekebisha skeli ya mistari. Vikato vya mstari vikatoka virefu kuliko ukuta wenyewe, kwa hiyo kwenye karatasi ukuta wa jiko ulionekana mstari mzima kama wenzake. Fundi akauacha, akapiga lipu pande zote mbili, kazi safi. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu karatasi ilimwambia ubaki. Mimi ndiye niliyelipia lipu.

Hesabu ya tofali nayo unaifanya mwenyewe kwa kupima. Kwa nyumba ya mfano si kazi kubwa. Kwa jengo la ghorofa tatu ni jioni mbili, na mteja akihamisha ukuta mmoja unaanza tena.

SketchUp: nzuri kwa mteja, ngumu kwa mkato

Sina ugomvi na SketchUp. Mteja akiona kuta za zamani za kijivu na mpya za machungwa, akaizungusha nyumba mwenyewe kwa kipanya, anaelewa kwa dakika mbili jambo ambalo ramani bapa ingemchukua wiki. Rangi hizo unazipata kwa tagi, zile ambazo mpaka toleo la 2020 lilipotoka ziliitwa leya. Unaweka tagi moja kwa kila hali, unawasha rangi kwa tagi, kisha unahifadhi sini tatu: iliyopo, ya kuvunja, ya mwisho. Kila sini inakumbuka ni tagi gani ziko wazi na zipi zimefichwa.

Ila kuna jambo la kulijua kabla hujachora mstari wa kwanza. Humu nyuso na kingo zikigusana zinashikana kama donge la ugali. Ukichora ukuta mpya ukaegemea wa zamani bila kila mmoja kuwa ndani ya kundi lake, basi ni kitu kimoja. Vuta mpya, wa zamani nao unafuata. Kwa hiyo kundi kwanza, tagi baadaye, na tagi inapewa kundi, si mistari iliyomo ndani.

Halafu matundu. Kwa kuwa ukuta haujui umri wake, hauwezi kuwa mzima kwenye sini ya kwanza na kuwa na mlango kwenye sini ya tatu. Unalazimika kuwa na nakala mbili za ukuta huo huo, mmoja mzima na mmoja uliotobolewa, kila mmoja na tagi yake. Au unaukata vipande kama kule AutoCAD. Mteja akisema mlango usogee kidogo kushoto, unasogeza mara mbili, na ole wako usahau mmoja.

Kinachonikera zaidi ni mkato. Ukiikata nyumba kwa bapa la mkato ili upate ramani, ndani ya kuta zilizokatwa panajazwa rangi moja kwa modeli yote, kwa sababu rangi hiyo inakaa kwenye staili, si kwenye ukuta. Mpya na zamani zinatoka nyeusi sawasawa, yaani kile hasa ulichotaka kukitofautisha ndicho kinachopotea. Njia ya kuzunguka ipo: unapeleka picha mbili za modeli kwenye LayOut, programu ya kupanga karatasi inayoandamana na SketchUp, na kuzipanga moja juu ya nyingine, au unachora hachi kwa mkono. Ukishafika hapo jiulize kwa nini hukubaki AutoCAD. Na toleo la bure la mtandaoni ni la matumizi binafsi, si la kazi ya kulipwa.

Revit: cheti cha kuzaliwa na cha kufa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye faida kubwa na ndipo wengi wanapotea.

Bofya ukuta wowote kwenye Revit, shuka chini kabisa kwenye orodha ya sifa zake. Utakuta mistari miwili: "Phase Created" na "Phase Demolished". Wa kwanza unasema ukuta ulizaliwa awamu gani, wa pili unasema utakufa awamu gani, kama utakufa. Mradi mpya huja na awamu mbili tayari, ya vilivyopo na ya ujenzi mpya. Na kila mwonekano, iwe ramani, mkato au picha ya pande tatu, nao una awamu yake na kichujio chake.

Neno "jipya" humu halikai kwenye ukuta. Programu inalipata kwa kulinganisha vyeti vya ukuta na awamu ya mwonekano unaoutazama. Aliyezaliwa kabla ya awamu hiyo na yu hai, ni wa zamani. Aliyezaliwa kabla na anakufa ndani yake, anavunjwa. Aliyezaliwa ndani yake, ni mpya. Aliyezaliwa na kufa ndani yake, ni wa muda tu. Hali nne kutoka mistari miwili. Ukilielewa hili, Revit imeisha kukutisha upande huu.

Karatasi tatu zinatoka hivi. Hali iliyopo: mwonekano wenye awamu ya vilivyopo. Kuvunja: awamu ya ujenzi mpya, kichujio "Show Previous + Demo". Ujenzi: awamu ile ile, kichujio "Show Previous + New". Hakuna leya ya kuficha. Usiunde awamu ya tatu ukaiita "Kuvunja". Nimeona wengi wakiiunda kisha wakashangaa kuta zinapotelea wapi. Kuvunja ni tukio ndani ya awamu ya ujenzi, na kunafanywa kwa kitufe chenye nyundo.

Kosa la kila mgeni ni kupima nyumba nzima ya mteja kisha kuichora kwenye mwonekano ambao awamu yake ni ya ujenzi mpya. Ukuta unachukua awamu ya mwonekano uliouchorea, kwa hiyo nyumba ya miaka arobaini inazaliwa leo asubuhi. Dawa ni nyepesi: chagua kuta zote, badilisha awamu ya kuzaliwa mara moja, kisha milango na madirisha. Ila afadhali uangalie awamu kabla ya kuchora.

Sasa dirisha la stoo. Unaligonga kwa nyundo, na tundu halibaki wazi: Revit inatengeneza kizibo chenyewe, kipande cha ukuta wa aina ile ile ya ukuta mama. Unaweza kukibofya kizibo hicho na kukipa aina nyingine. Mlango wa uani nao unauweka kwenye ukuta wa zamani kama kawaida, ukiwa kwenye mwonekano wa ujenzi. Mlango ni mpya, ukuta ni wa zamani, na ukirudi karatasi ya kwanza ukuta uko mzima, haujaguswa. Ukuta mmoja, bila nakala. Angalia tu kwamba ukiugonga ukuta wenyewe kwa nyundo, milango na madirisha yaliyomo yanaondoka nao.

Faida ya cheti unaiona kwenye jedwali la vifaa. Jedwali nalo lina awamu na kichujio, kwa hiyo unaomba kuta mpya peke yake. Kwenye nyumba yetu, mita 14.2 mara 3 ni mita za mraba 42.6, toa matundu kama 4.6, zinabaki 38. Kwa tofali la uso wa sentimita 45 kwa 22.5 unahesabu kama tofali 10 kwa mita ya mraba, yaani 380. Jedwali lisilojua kutofautisha lingeingiza na zile mita 31 za zamani, likakuongezea zaidi ya tofali 900 ambazo zimeshalipiwa na baba wa mteja.

Yanayochosha: vyumba havivuki awamu. Jina "Sebule" uliloliweka kwenye hali iliyopo halionekani kwenye ujenzi, unaweka upya. Programu ni ya Windows tu, inataka kompyuta yenye nguvu, na malipo yake ni ya usajili. Kwa mtu anayefanya ukarabati mmoja kwa mwaka simshauri hata kidogo.

Archicad: vitufe vitatu

Archicad imekuwa na kifaa cha ukarabati tangu toleo la 15 la mwaka 2011, na imefuata njia fupi zaidi. Ukuta una hali moja kati ya tatu: upo, unavunjwa, mpya. Unauchagua, unabonyeza kimojawapo cha vitufe vitatu, umemaliza. Kisha vichujio vya ukarabati vinaamua karatasi gani ionyeshe nini na kwa mtindo upi. Mtu anayetoka AutoCAD anaielewa kabla chai haijapoa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu awamu za Revit. Inafanya kazi kwenye Mac na Windows. Hali ya ukuta iko ndani ya ukuta, kwa hiyo hesabu nazo zinafuata.

Kikomo chake ni hicho hicho kinachoirahisisha. Hali tatu zinatosha kwa kabla na baada. Kazi ikiwa na vituo vingi, mfano shule inayojengwa likizo kwa likizo bila kufungwa, vitufe vitatu havitoshi, na hapo ndipo mtu anaanza kurudisha leya kwa mlango wa nyuma. Revit inakuongezea awamu kadiri unavyotaka.

Lakini Archicad ina jambo moja ambalo sisi wa pwani tunalihitaji kuliko wenzetu. Nitalieleza kwa nyumba ya Mji Mkongwe.

Nyumba ya mawe ya Zanzibar

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na mamlaka yake ya uhifadhi ilianzishwa mwaka 1985, kwa hiyo karatasi ya hali iliyopo si ya kubahatisha. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Na hakuna ukuta ulionyooka. Unaanza sentimita 52 mlangoni, unamaliza 61 kwenye kona.

Archicad ina ukuta wa trapeza, wenye unene tofauti kila ncha, na ukuta wa pembe nyingi ambao unafuata umbo lolote, na zote mbili zinabaki kuwa kuta zenye hali yake. Kwenye Revit ukuta wa kawaida una unene mmoja kwenye ramani. Ukitaka tofauti unaunda umbo maalumu la hapo hapo, kazi ndefu zaidi. SketchUp inachora umbo lolote bila kulalamika, ila haijui kwamba ni ukuta.

Upande wa pili, nyumba hiyo hiyo inamrudisha mtu Revit. Ukifungua ukuta wa chini unaobeba ghorofa lazima kwanza uweke mirunda ya kushikilia boriti, na mirunda hiyo inaondoka kazi ikiisha. Ni vya muda: vinazaliwa na kufa ndani ya awamu moja, na Revit inavitambua bila kuambiwa. Kwenye Archicad ninaiweka mirunda kwenye leya ya pekee na kuandika maelezo pembeni. Kwangu ukubwa wa mapungufu haya mawili haulingani. Kuta zisizonyooka ni nyumba nzima, mirunda ni karatasi moja. Kwa nyumba ya mawe nachagua Archicad.

Vyovyote utakavyochagua, usiruhusu hali ya ukuta ibebe mzigo wa aina ya ukuta. Kusema "mpya" hakutoshi pale ambapo kipya cha saruji kinakutana na cha chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe. Mpya wa chokaa na mpya wa tofali ziwe aina mbili zenye majina mawili.

Wasio na bajeti, na wanaopeleka faili kwa wenzao

Sweet Home 3D ni ya bure, na kila ukuta unaweza kupewa mchoro wake wa kujaza kwenye ramani. Mwenye nyumba anayetaka kumwonyesha fundi wazo lake imemtosha. FreeCAD nayo ni ya bure na ina uwezo zaidi, ila itakudai uvumilivu.

Ukipeleka modeli kwa mhandisi anayetumia programu nyingine, peleka kwa IFC, muundo wa faili ambao programu nyingi za ujenzi zinausoma. Kiwango hicho kina sehemu rasmi ya hali ya ukuta, yenye thamani kama NEW, EXISTING, DEMOLISH na TEMPORARY. Sehemu hiyo haijijazi kila mara. Fungua faili uliyoitoa uihakikishe kabla hujaituma. Faili ya SketchUp iliyopakwa rangi tu itafika kwa mhandisi ikiwa na rangi nzuri na umri wa ukuta hakuna.

Rangi au mistari?

Wajerumani, Waitaliano na Wafaransa wana desturi ya zamani: kipya chekundu, cha kuvunja cha njano. Inapendeza kwenye kioo cha kompyuta. Mimi nimeiacha kwenye karatasi za saiti, kwa sababu karatasi ya saiti haibaki na rangi. Inachapishwa mara moja, inapigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, fotokopi inapigwa picha kwa simu na kurushwa WhatsApp. Nyekundu inakuwa kijivu cha makaa, njano inatoweka, na ukuta wa kuvunja uliotoweka fundi anausoma kwamba haupo.

Kwa hiyo, programu yoyote iwayo, ukuta uliopo nauacha mistari miwili myembamba, ndani peupe. Mpya naujaza hachi nzito ya mshazari. Wa kuvunja ni mstari wa kukatika, wenye alama za X ndani, na neno VUNJA limeandikwa kando yake. Kwenye Revit unaipanga mara moja kwenye jedwali la awamu, kwenye Archicad kwenye mitindo ya vichujio, na kazi zote zinazofuata zinairithi. Kabla ya kutuma naipeleka karatasi kwenye duka la fotokopi la mtaani, lenye mashine inayoacha mstari mweusi katikati ya kila ukurasa, natoa nakala ya nakala, kisha nampa mtu wa dukani anionyeshe ukuta wa kuvunja uko wapi. Akikosea, narudi kurekebisha.